Mifuko Sita ya Mchele

Asubuhi ile ya Ramadhani, mwaka 2017, nilikuwa zamu mlangoni mwa supamaketi moja hapa Doha, nikikagua mikoba. Shida yangu kubwa ilikuwa viatu vipya vilivyonibana. Mwajuma, mlinzi mwenzangu kutoka Tanga, alikuwa amefunga, na alinikataza hata kutaja chai mbele yake.

Ilipofika saa nne watu wakaanza kuingia mbio. Walisema nchi jirani zimefunga mpaka, malori ya chakula hayapiti. Kufikia adhuhuri rafu za maziwa zilikuwa tupu. Kisha nikamwona mfanyakazi akibandua bei ya nyanya na kubandika nyingine, kubwa zaidi.

Nikajua vita vimekuja.

Cheka ukitaka. Mimi natoka Bonde la Ufa, na mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, niliona kwa macho yangu. Unga ulipanda bei leo, kesho ukapanda tena, siku ya tatu duka lenyewe likachomwa. Tulikimbilia kituo cha polisi bila hata punje. Mama akarudi nyumbani peke yake kutafuta chakula.

Bunduki zililia upande aliokwenda.

Sikuweza kulia.

Akatokea, debe la mahindi kichwani. Tulikula mahindi yale wiki mbili, na waliokuja mikono mitupu walilala njaa.

Basi Doha sikungoja. Mshahara ulikuwa umeingia asubuhi ile ile. Kila mwezi nusu ilikwenda kwa mama siku hiyo hiyo, kwa dawa ya sukari na kusafishiwa kidonda cha mguu. Safari hii niliumaliza wote dukani. Pesa ambazo mwezi uliopita zingenunua mifuko kumi ya mchele zilinipa sita, na mafuta kidogo na chumvi.

Mwajuma aliponiona nikiipandisha chumbani kwetu Al Wukair, alishika kiuno.

"Makubwa! Dada, unafungua duka?"

"Utanishukuru vita vikija."

"Vita gani? Mwenzio nimefunga, usinitie kiherehere!"

Nilimpigia mama simu. "Mama, nivumilie mwezi huu. Huku kumeingia vita."

"Mungu wangu! Jifiche, mwanangu. Mimi usiniwaze."

Nililala na viatu miguuni. Kila ndege ilipopita juu niliingia chini ya kitanda.

Hakuna aliyepiga risasi. Baada ya siku chache yakaja maziwa ya nchi nyingine, yenye maandishi nisiyoyajua, na bei, ambazo zilipanda kwa siku moja, zikachukua wiki nyingi kushuka. Mchele wangu ukaingia wadudu. Niliona haya, ndiyo, lakini nilijiambia hasara ya mchele si kitu.

Mwezi uliofuata nilituma pesa, nikampigia mama. Kaka yangu ndiye aliyepokea simu. Mama alikuwa hospitalini. Walikuwa wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Nikaomba kuongea naye.

"Mama, mbona hukuniambia kidonda kimeharibika? Ningekopa!"

 Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ningekuombaje pesa, mwanangu, na wewe uko vitani?"

 Mpaka leo bei zikipanda naogopa. Ila kwanza natuma pesa ya mama, halafu ndipo naogopa.