Niliyemtafuta Kwenye Kisulisuli

Mwaka nilioanza darasa la kwanza, mama yangu aliondoka kijijini kwetu Kimali, na mimi nikaambiwa amekwenda na upepo.

Aliyeniambia ni bibi, mama mzaa baba. Nilirudi shule mchana nikakuta majivu ya jikoni yamepoa na khanga za mama hazipo kwenye kamba. Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua choroko, na hakuinua kichwa. Nikamuuliza mayu yuko wapi. Ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Akatupa vijiwe viwili vitatu kabla ya kujibu.

"Kaenda na upepo," alisema. "Nenda ukale, kuna viazi."

Mtu mzima angejua kwamba hapo mtoto ananyamazishwa tu. Mimi nilikuwa na miaka saba, na nilimwamini bibi kuliko mwalimu. Isitoshe, kila mtoto wa kijijini kwetu alijua ni upepo upi unaochukua watu. Ni kisulisuli, ule upepo wa kiangazi unaojizungusha na kunyanyua vumbi hadi juu, unatembea peke yake mashambani mchana kweupe wakati miti ya jirani haitikisiki hata jani.

Bibi ndiye aliyenifundisha adabu zake. Ukikiona kinakuja, chuchumaa, kipe mgongo, tema mate pembeni, na usiite jina la mtu mpaka kipite. "Humo mna watu, wanasafiri," alikuwa akisema. "Ukisimama mbele yao watakubeba." Na hakuwa anatania. Huyu ni mwanamke aliyewahi kuua nyoka kwa mwiko wa ugali, kisha akaendelea kusonga (nadhani aliuosha kwanza), lakini kisulisuli kikitokea ng'ambo ya lambo, bwawa letu la maji, alitua ndoo chini na kugeuka mara moja.

Kilichotokea kweli nilikuja kukijua baadaye. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, siku nyingi yuko minadani, na siku alizokuwa nyumbani alikuwa akimpiga mama. Asubuhi ile baba akiwa safarini, mama alifunga nguo zake na kuondoka. Mimi hakunichukua kwa sababu hakuweza. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, na kwetu watoto wa mke aliyetolewa ng'ombe ni wa ukoo wa baba. Haya yote hakuna aliyenieleza. Nililoambiwa ni upepo, basi nikaamua kuusubiri upepo.

Ilikuwa kiangazi, pamba imeshauzwa, miti yake imeng'olewa na kuchomwa. Shamba letu lilikuwa jeusi kwa majivu, limekaa wazi hadi kwenye majani ya lambo. Darasa la kwanza tulikuwa tunatoka mapema, na bibi akishakula alijilaza kivulini. Muda huo ulikuwa wangu. Nilikaa ukingoni mwa shamba nimejifunika kipande cha kitenge kichwani, nikaangalia.

Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile, hata leo nikiwa mtu mzima ninayeishi peke yake. Wenzangu walikuwa lamboni wanaogelea. Sikuwaambia ninachofanya, kwa sababu nilijua watakuja, watapiga kelele, na wale wasafiri wa ndani ya upepo wataogopa kusimama. Nilikaa kimya na njaa yangu. Nilifanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia mama nikimfikia: kwamba ndama wetu mwenye baka amepona, na kwamba najua kuandika jina langu lote.

Mtu akikaa mahali pamoja siku nyingi anaanza kujua mambo. Niligundua kwamba visulisuli havitoki asubuhi. Vinaanza jua likifika utosini na kuzidi saa nane, halafu vinapungua. Siku ya mawingu havipo kabisa. Havizaliwi kwenye majani ya lambo. Vinazaliwa kwenye ardhi tupu, na lile shamba jeusi lilivizaa kuliko mahali pengine popote. Kwanza jani moja linageuka, kisha majivu yanaanza kuzunguka chini kabisa, kisha ghafla kimesimama.

Leo kazi yangu ni hali ya hewa. Nasoma vipimo katika kituo kidogo huku Bariadi: kipima joto kilichomo kwenye kisanduku cheupe, kipima mvua, na vile vikombe vinavyozungushwa na upepo juu ya mlingoti. Wanafunzi wakija kututembelea nawaeleza hivi. Jua halipashi hewa moto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linapasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyoilalia. Ardhi nyeusi na kavu inapata moto haraka, majani mabichi yanachelewa. Hewa ikipata moto inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Ile ya pembeni, iliyopoa kidogo na nzito zaidi, inakimbilia kujaza nafasi, na huko kukimbia kwa hewa ndiko tunakoita upepo. Ikiingia kwa kupishana inaanza kuzunguka, na kadiri inavyobanwa katikati inazunguka kwa kasi zaidi. Hicho ndicho kisulisuli. Wingu likikatiza jua, ardhi inapoa, nacho kinakufa. Wanafunzi wanaandika kwenye madaftari, wengine wanapiga miayo. Sijawahi kuwaambia kwamba nusu ya somo hilo niliijua kabla sijajua kusoma saa.

Siku za kwanza nilivikimbilia. Ni kazi bure. Unakimbia mpaka pumzi zinaisha, ukifika unakuta majivu yanatua. Nikaona bora nisimame mahali pamoja, nacho kije chenyewe. Nikachagua pale shamba linapokutana na majani, kwa sababu palikuwa na kajia ambako mama alipenda kupita na ndoo yake.

Kilikuja siku ya tatu ya kusimama pale. Kilikuwa kirefu, kimebeba majivu na nyuzi za pamba, kinanijia moja kwa moja. Nilipiga moyo konde nikasimama, mikono nimeinyoosha mbele, nasubiri kubebwa. Kikafika hatua kama kumi hivi kutoka nilipo. Halafu kikakata kushoto, kikarudi shambani, kikaenda zake.

Nilijua kilichotokea, au nilidhani najua. Mama alikuwa humo, akaniona, akakataa.

Nimesoma, nimefaulu mitihani, na ninaweza kueleza leo kwamba kisulisuli kinakula moto wa ardhi, kikifika kwenye majani yaliyopoa kinanyong'onyea au kinageuka. Nilisimama mahali pabaya, basi. Kichwa changu kimeelewa kabisa. Lakini mpaka leo nikiona mtu akibadili njia mbele yangu barabarani, hata awe mwendesha bodaboda tu anayekwepa shimo, kuna kitu kinanichoma kifuani.

Ningekuwa mtoto mwenye akili ningeacha. Mimi nilirudi kesho yake, na safari hii sikusimama ukingoni. Nikaingia katikati kabisa ya shamba, palipo peusi kuliko kote, ardhi inachoma nyayo kiasi kwamba nilikuwa nabadilisha miguu. Kilianzia karibu yangu. Niliona majivu yakizunguka, nikapiga hatua nne nikaingia.

Ndani mlikuwa na joto na kelele. Mchanga ulinipiga usoni, miiba ikanichapa miguuni, kitenge kikanitoka kichwani kikapaa. Nikaita, "Mayu!" na mdomo ukajaa majivu. Nikaita tena. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyenishika. Kisha mkono ukanishika kweli, ukanivuta kwa nguvu nikaanguka, na mtu akaniangukia juu akanifunika na mwili wake wote.

Alikuwa bibi. Alikuwa ameamka na kuniona kutoka nyumbani. Yeye aliyekuwa akikipa mgongo kikiwa bado ng'ambo ya lambo, aliingia humo humo kunitoa.

Kilipotuacha aliketi kwenye majivu, anatweta. "Unamfuata nani humo?" aliuliza.

"Mayu."

"Hayumo," alisema. "Hayumo humo, Milembe."

Ndipo nikaona jicho lake la kulia limefumba na linatiririka. Ili kufika shambani haraka alikuwa amepasua katikati ya uzio wetu wa minyaa badala ya kuzunguka mlangoni, na mnyaa ukivunjika unatoa utomvu mweupe. Mikono yake ilikuwa imelowa utomvu huo, na kwa mikono hiyo hiyo alikuwa amejifuta vumbi usoni. Kila anayeishi na minyaa anajua kwamba utomvu wake jichoni si mchezo. Jirani aliyekuwa ananyonyesha aliitwa, akamkamulia maziwa jichoni. Alilia usiku na mchana kwa maumivu, na jicho lile likaingia ukungu, halikuona tena.

Kijiji kizima kikasema kisulisuli kimemchukulia jicho. Si mwenyewe alikuwa akionya kwamba ukiwasimamia njiani watakuchukua? Bibi hakubisha. Hakumwambia mtu kwamba alipita kwenye minyaa, wala kwamba aliifuata shida hiyo kwa ajili yangu. Baba aliporudi mnadani aliambiwa habari ya kisulisuli kama walivyoambiwa wengine.

Mimi aliniambia. Alikuwa amelala ndani, kitambaa kimefunika jicho, nami nimekaa chini karibu na kitanda nikimpungia nzi.

"Mama yako yuko Bariadi, mzima wa afya," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yako asijue kama unajua."

Nikamuuliza kwa nini alisema upepo.

"Ningekwambia yuko mjini ungeishika barabara, ukaliwe na fisi huko. Nikaona upepo hauna njia, nani ataufuata?" Akatikisa kichwa juu ya mto. "Sikujua nina mjukuu wa namna hii."

Alijaribu kucheka, jicho likamuuma akaacha. Nami nilikaa pale na habari yangu mpya, na nitasema ukweli, ilikuwa nzito kuliko ile ya mwanzo. Mtu aliyechukuliwa na upepo hana namna ya kurudi. Mtu aliye Bariadi kuna basi.

Bibi aliishi na jicho moja mpaka nikamaliza sekondari. Hakuwahi kunilaumu, hata kwa utani, na yeye alikuwa mtu wa utani mwingi. Nilipopangiwa kazi Bariadi alikuwa ameshafariki, nikaja mjini bila wa kumuaga. Nyumba nilipanga mtaa wa Somanda. Ilinichukua miezi kadhaa kujikaza kuuliza, na siku moja kutembea, kufika kwenye kibaraza ambako mwanamke mmoja alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia.

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Wewe ni Milembe," alisema. Akanivutia kigoda, akakipangusa kwa khanga ingawa kilikuwa safi. Tukakaa. Akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa, "Nilisubiri uende shule kwanza. Ningekuona, nisingetoka."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga kwa miaka. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia napima hali ya hewa.

"Kumbe. Kwa hiyo unajua mvua itanyesha lini?"

"Tunajitahidi, mayu. Mara nyingine tunakosea."

Jambo la kuondoka kwake hatujawahi kulizungumza zaidi ya hapo, na sidhani kama tutalizungumza. Habari ya jicho la bibi hajui. Mara mbili nimetaka kumwambia, nikaona nitakuwa namtwisha deni ambalo hawezi tena kumlipa bibi. Lakini kila jioni, nikishatuma taarifa za siku na kufunga kituo, simu yangu inaita, na ni yeye.

"Kesho itanyesha?"

Mama hana shamba. Hana hata bustani ya mchicha, na cherehani yake iko chini ya bati.

"Hapana, mayu. Kesho ni jua."

"Haya."

Kisha nasikia anavyopumua, na hakuna anayekata simu.