Majora Mawili ya Bluu

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nyumba tuliyopanga Kirumba ilikuwa na vyumba viwili, na baba alipenda kuwaambia wageni kwamba kimoja ni cha watu na kingine ni cha vitambaa. Hakuwa akitania sana, kwa sababu hata hicho cha watu vitambaa vilikuwa vimeshaanza kukiingia.

Mama alianza kuweka akiba ya vitambaa miaka ile ya shida, nguo ilipokuwa ikitafutwa kama dawa. Akisikia duka la ushirika limepokea mzigo, aliacha chungu jikoni akaenda kupanga foleni, na akifikiwa alinunua kilichopo, kiwe anakitaka ama hakitaki. Tetroni ya kahawia, poplini ya mistari, gabadini nzito ya kijani ambayo sijui nani angeivaa kwa joto lile. Baba naye alikuwa kiwanda cha nguo, upande wa kufuma, na wafanyakazi waliruhusiwa kununua vipande vyenye kasoro. Alirudi navyo kwapani vimefungwa kwa uzi, na mama alivipokea kama mwanamke mwingine anavyopokea nyama.

Vyote vilikuwa na utaratibu. Masanduku ya bati yalikaa juu ya matofali, mbali na ukuta kidogo ili hewa ipite. Chini kabisa vilikaa vizito, katikati tetroni, juu vile vyepesi, na kati ya tabaka na tabaka palitandikwa karatasi na majani makavu ya mwarobaini. Kila baada ya muda tulivitoa tukavikunja upya, mkunjo mpya usiangukie pale ulipokuwa wa zamani. "Ukikunja palepale kila siku, kitambaa kinakatika kama karatasi," alinifundisha. Vipande vidogo aliviweka kwenye foronya: vya ukubwa wa kiganja peke yake, vya ukubwa wa mgongo wa mtoto peke yake, na vile vyembamba virefu vya mikanda peke yake. Foronya hizo ndizo zilikuwa mito yetu ya kulalia. Mama alipotaka kushona blanketi la viraka alikuja asubuhi kupunguza mto wa mtu. Na upepo ukigeuka ukatoka soko la samaki la Mwaloni na harufu ya dagaa, wa kwanza kuisikia alikimbia kufunga dirisha, maana harufu ile ikishaingia kwenye pamba haitoki mpaka ufue.

Kisha biashara zikafunguliwa. Sisi watoto tulifurahi, sitaficha. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kwa marobota, watu wakichagua magauni na makoti yaliyoshonwa nchi ambazo hawakujua hata majina yake. Madukani kulikuja vitambaa vinavyong'aa. Kiwandani baba na wenzake waliambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Alisubiri. Asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi, akakaa navyo kibarazani.

Wateja wa mama nao walipungua. Aliyekuwa akileta kitambaa cha gauni sasa alileta suruali ya mtumba ipunguzwe kiuno. Ndiyo maana kwaya ya akina mama ya kanisani kwetu ilipomletea kazi ya kushona majoho ya Pasaka, nyumba nzima ilichangamka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa nyumbani namsaidia kushona pindo na vifungo. Niliyaona majora yale mawili yakiingia mlangoni juu ya vichwa vya wanawake wawili, na mwenyekiti wa kwaya nyuma yao.

Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, muuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti nene iliyobeba kwaya nzima. Mama alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia huku tayari anapapasa jora.

"Marahaba. Fundi, hiki ni kile cha kiwanda cha mzee wako. Tulikiwahi dukani kwao kabla hawajafunga. Nimekiweka chini ya kitanda changu mpaka leo. Pasaka hii tunataka watu watuone."

Ilikuwa pamba ya bluu iliyokolea, rangi ya ziwa saa ile mvua inapokaribia. Baba aliinuka kibarazani akaja kuigusa. "Hii tuliifuma sisi," akasema. Sikuwa nimemsikia akisema "sisi" kwa muda mrefu.

Juu ya matofali hapakuwa na nafasi. Mama alizunguka chumbani, akasogeza hili na lile, mwisho akayalaza majora kwenye kona, juu ya mkeka, yakiwa ndani ya mfuko wa salfeti wa kuwekea nafaka, akayafunika kwa khanga. Yangekaa siku chache tu, mpaka wanakwaya waje kupimwa. Lakini wanakwaya hawakuja kwa pamoja. Mmoja alikuwa msibani, mwingine kasafiri na mazao, wengine walisema Pasaka bado. Mama hakutaka kukata kabla ya kuwa na vipimo vyote, kwa kuwa kitambaa cha sare hupangwa chote kwa pamoja ili kisipotee. Mvua za masika zikaanza. Maji yalishuka kutoka kwenye mawe ya mlimani, yakapita nyuma ya nyumba yetu, sakafu ikawa na ubaridi wa unyevu.

Siku ambayo vipimo vilikamilika mama alifagia chumba, akatandika mashuka chini tayari kwa kukata, akainama kwenye kona. Alishika jora la kwanza kwa mikono miwili na kukaza mgongo kwa ajili ya uzito anaoujua. Jora likainuka kirahisi mno. Udongo ukamwagika miguuni pake, na ndani ya udongo mchwa, weupe, wakikimbilia huku na huku.

Alilishikilia tu hivyohivyo hewani, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie.

"Baba," akaita mwishowe. "Njoo uone."

Tuliyatoa yote mawili uani tukayakunjua. Kwa juu, pale macho yalipokuwa yakifika kila siku, kitambaa kilikuwa kizima. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, kwenye ufa wa sakafu, wakapita mkeka, wakapita mfuko, wakala kuelekea ndani. Tulipokuwa tukikunjua, tundu lilelile lilirudi kila mzunguko, dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, mpaka katikati ya jora palikuwa na kitu kama wavu. Jora la pili lilikuwa hivyohivyo. Vipande vizima vilivyobaki visingetosha hata nusu ya kwaya.

Mama alifungua masanduku yake moja baada ya jingine, akatia mkono mpaka chini. Yote yalikuwa salama. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliketi juu ya sanduku la mwisho, akasema, "Vya kwangu hawakuvigusa. Watu watasema nini?"

Kesho yake mimi na baba tulikwenda mjini na kipande cha bluu mfukoni. Tulizunguka maduka yote ya karibu na soko kuu. Kila mwenye duka aliteremsha majora yake kwa furaha: bluu ya mbingu, bluu ya sare za shule, bluu yenye maua. "Bluu zimejaa, mzee, siku hizi kila kitu kipo," mmoja alituambia. Baba alikiweka kipande chake juu ya kila moja na kutikisa kichwa. Duka la mwisho kijana muuzaji alikivuta kile kipande, akakitazama kwenye mwanga, akauliza, "Hii mmeitoa wapi? Haiji hii tena." Baba akajibu, "Najua."

Tukaenda hadi kiwandani. Sikuelewa kwa nini, ila sikumuuliza. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, nyuma yake uani nyasi zimefika magotini. Mlinzi alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi na baba. Nikamwamkia, wakasalimiana kwa kushikana mikono kupitia kwenye nondo za geti.

"Umeitwa kazini nini?" mlinzi akamtania.

"Nimekuja kuuliza tu. Stoo hakukubaki kitu? Hii bluu?"

Mlinzi alikigusa kile kipande, hakukichukua. "Stoo walishabeba, ndugu yangu. Hata mashine nyingine zimeondoka. Mimi hapa nalinda majani."

Walisimama kidogo wakiulizana habari za wenzao: nani karudi kijijini kulima, nani anavua, nani hajulikani alipo. Tulirudi kwa miguu njia nzima. Tulipofika Kirumba baba akasema, "Usimwambie mama yako kuhusu mashine." Nikasema sawa.

Ikabidi kwaya waambiwe. Mama alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, akarudi macho mekundu, na jioni ile walikuja wanne kuona kwa macho yao. Waliyaangalia majora uani. Mmoja alipitisha mkono kwenye tundu, akautoa upande wa pili, akacheka kwa kushtuka, kisha akajifunika mdomo. Mwenyekiti hakufoka. Afadhali angefoka.

Mama akawaambia, "Karibuni ndani. Sina hiyo bluu, lakini ninavyo vingine. Chagueni chochote, hata kama ni sanduku zima. Nitashona bure."

Nilimsaidia kufungua. Vitambaa ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa bila kunawa mikono, alivitandaza kitandani, kwenye kiti, juu ya cherehani. Tetroni ya kahawia aliyoipigania kwenye foleni akiwa na mimba yangu. Poplini ya mistari. Krepu ya rangi ya maziwa aliyoiweka kwa ajili ya harusi yangu. Niliiona ikitoka, nikamsaidia kuitandaza. Harufu ya mwarobaini ikajaa chumbani.

Wale wanawake walipapasa. Walisema kwa upole, "Kizito hiki." "Hiki kilikuwa kitambaa kweli." Mdogo kuliko wote, aliyekuwa amevaa blauzi ya mtumba yenye mabega mapana, aliinua ncha ya tetroni, akainusa bila kukusudia, akairudisha polepole. Nikamwona mama akimwona.

"Mama, hivi ni vizuri," mwenyekiti akasema. "Ila vijana wa siku hizi hawatavivaa. Watasema tumevaa mapazia. Na hakuna kinachotosha wote."

"Naweza kuunganisha. Mabega rangi moja, chini rangi nyingine."

"Tuache, fundi."

"Krepu hii inatosha kola zote. Kola nyeupe inapendeza na..."

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, na hapo sauti yake nene ikawa ndogo kabisa, "tuache. Ni mchwa. Si wewe."

Walitusaidia kurudisha vitambaa sandukuni. Walikosea mpangilio, vyepesi wakaviweka chini, na mama hakuwasahihisha. Walipoondoka nilianza kuvitoa nivipange upya. Akaniambia, "Viache vilivyo."

Kwaya walichangishana, wakanunua kitambaa kinachong'aa kutoka duka la mjini, zambarau yenye mng'ao wa mafuta. Mama alikishona bila kupokea malipo, kama alivyoahidi. Kiliteleza chini ya sindano, kilivutika, pasi ya mkaa ilikiyeyusha mahali pamoja akalia, akaficha pale palipoungua kwa mfuko ambao haukuwa kwenye mshono. Alimaliza Jumamosi Kuu. Asubuhi ya Pasaka waliingia kanisani wakimetameta, watu wakageuza shingo, na watoto wakapiga makofi. Kufikia wimbo wa pili jasho lilikuwa limewalowesha migongoni, majoho yamegandia mwilini, lakini waliimba vizuri, na kila mtu alisema hawajawahi kupendeza vile. Mama alikaa benchi la nyuma. Nilimshika mkono.

Tangu siku ile hakuna aliyemsema vibaya, walau si mbele yetu. Walimsalimia, wakamwombea. Kazi ya sare tu ndiyo haikuja tena.

Baba aliacha kuvaa viatu vya kazi, akapata kibarua cha kubeba magunia ya dagaa Mwaloni, akawa anarudi na ile harufu tuliyokuwa tukiifungia dirisha. Mama aliacha kulifunga. Siku moja akafunga furushi la vitambaa vyake, akaniambia twende Kisesa, nje ya mji, siku ya gulio, huko pengine watu bado wanapenda kitambaa kigumu cha kuvaa shambani. Tulitandika chini, katikati ya wauza mitumba wawili waliokuwa wakiimba bei kwa kupokezana. Mama hakuweza kuimba. Aliketi na kuvipanga, akavipangua, akavipanga tena, rangi nyeusi nyuma, nyeupe mbele.

Karibu saa saba bibi mmoja alisimama, akainama kwa shida, akashika ile tetroni ya kahawia. Aliikunja pembe, akaivuta, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama kwa Kisukuma kwamba kitambaa cha namna hii yeye alikitafuta sana zamani, hakukipata.

"Chukua basi, bibi," mama akasema. "Chukua tu."

Bibi akamwangalia kana kwamba hakumsikia vizuri. "Sasa nikishone nini, mjukuu wangu?" akauliza. "Nani atanishonea?"

Mama alifungua mdomo kumjibu, ila mmoja wa wale wauza mitumba alikuwa amefungua robota jipya na watu wakamiminika wakitusukuma, na bibi akaiachia tetroni, akachukuliwa na msukumano ule upande wa pili. Tuliinuka haraka kuviokoa vitambaa visikanyagwe. Tulivikusanya vyote kifuani, hovyohovyo, tukasimama navyo hivyo kando ya barabara kungoja gari la kurudi mjini.