Maziwa ya Arbia

Kazi aliyopewa Warfa Gelle jeshini ilikuwa kufukuza mbuzi. Ndiyo, mbuzi! Mwaka ule wa 1965 vita vya Shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimepamba moto, na koplo wake hakutaka Msomali mwenye bunduki asimame nyuma yake. Basi wenzake waliulinda uwanja wa ndege wa Bura kwa silaha, yeye kwa fimbo. Nyumbani nako hakukukalika. Mama yake, Arbia, muuza maziwa, hakuwa amemwitikia salamu tangu avae sare. Huku mgeni, kule mgeni. Jambo hilo lilimkereketa kuliko njaa.

Asubuhi moja ndege ndogo ya vyakula ilitua vibaya. Gurudumu likang'oka, pua ikachimba mchanga, injini ikaanza kuwaka moto.

"Rudini nyuma! Italipuka!" koplo alipiga kelele, na kwa kweli hakukosea.

Lakini Warfa alimwona rubani akigonga kioo. Kisima kilikuwa mbali. Karibu walikuwapo wanawake wa maziwa tu, wamezuiwa kando ya uwanja, na mbele yao mama yake. Warfa akalinyakua gunia alilokuwa akilikalia, akajifunika, akamkimbilia mama.

"Hooyo, nimwagie!"

Maziwa ya ngamia hayamwagwi ovyo kwa Wasomali, na hayo ndiyo yaliyokuwa riziki ya Arbia ya siku ile. Alifungua chombo akammiminia mwanawe kichwani hadi tone la mwisho.

"Nenda, Warfa," alisema.

Akaenda, tena mbio! Alivunja kioo kwa fimbo ile ile ya mbuzi, akamvuta rubani kwa mabega, akamburuta mchangani. Hawajafika mbali, ndege ikalipuka. Nyusi za Warfa ziliteketea na mikono ikababuka, lakini rubani alikuwa hai, anakohoa na kulia kama mtoto.

Koplo alifika akihema, akamvua lile gunia kwa mikono yake mwenyewe. "Huyu ni mtu wetu!" aliwatangazia askari.

Arbia akampiga koplo kikumbo, chombo kitupu kwapani. "Habana! Huyu mtoto yangu. Nyinyi nimeazimisha tu."

Koplo na Arbia wakamshika mabega, mmoja huku, mwingine kule, wakamgombania njia nzima hadi zahanati. Warfa hakumzuia yeyote.