Aktosh na Shati la Mtoto

Mama mkwe wangu, Beishekan, hapendi mbwa. Muulizeni mwenyewe, atawaapia. Mbwa ni najisi, mbwa ni mlafi, mbwa hana adabu. Mkia wa mbwa ukikugusa sketi pale uani, basi huingii ndani mpaka ubadilishe nguo, na mikono utaisugua kwa sabuni mbele ya macho yake, birika na beseni pale pale mlangoni. Nimekaa naye nyumba moja hapa kijijini At-Bashy, juu milimani, miaka mingi, na kwa muda mrefu sikuwahi kumsikia akimwita mbwa wetu kwa jina. Alikuwa "yule mlafi", "yule mla bure", na alipozeeka, "yule mzee wa balaa". Jina lake hasa lilikuwa Aktosh, kwa sababu ya kifua chake cheupe. Yeye aliitikia yote.

Sasa nieleze mimi Zuura nielewe: kama humpendi mbwa, mbona kila mwaka, kabla hujaziba nyufa za madirisha yetu sisi binadamu, unakuwa umeshamaliza kibanda chake?

Mwaka mmoja mume wangu, Taalai, alimjengea Aktosh kibanda kikubwa cha mbao. Alikuwa anajisikia fundi siku hiyo. Beishekan alikizunguka mara moja, akasimama.

"Hiki nacho ni cha nani? Cha ngamia?"

"Mama, mbwa mwenyewe ni mkubwa kama ndama. Anataka nafasi."

"Nafasi ya nini, ya kucheza ngoma? Hana jiko mle. Atajipasha kwa pumzi zake mwenyewe. Kata nusu."

Taalai akakata nusu, huku ananung'unika. Kibanda kikainuliwa juu ya matofali ya samadi kavu ya kondoo, ili ardhi isimnyonye mbwa joto lake. Mlango ukageuziwa mbali na upepo, ukawa mdogo kiasi cha yeye kupita kwa kuinama, na mbele yake likaning'inizwa pande la zulia kuukuu. Ndani yalijazwa mabua makavu ya shayiri, mengi, ya kumzamisha. Yakilala na kubanana, Beishekan aliyatoa akaweka mengine. Maji alimpelekea ya uvuguvugu, asubuhi na alasiri, kwenye chombo cha mti, kwa sababu kwenye baridi yetu ulimi hunata kwenye bati. Uji wake aliutia mafuta ya mkia wa kondoo. Na nywele zilizo kati ya vidole vyake alizipunguza kwa mkasi wa kunyolea kondoo, barafu isije ikashikamana humo ikamchana, kisha akampaka mafuta nyayo zote nne.

Haya yote aliyafanya amevaa glavu, na matusi hayakumkauka mdomoni.

"Lete mguu, mzee wa balaa. Si huo, ule mwingine! Unadhani sina kazi nyingine duniani?"

Mnyororo hakuutaka kabisa. Alisema mbwa aliyefungwa hawezi kutembeatembea apate joto, na mbwa mwitu wakishuka kutoka mlimani watamkuta ni chakula kilichokwisha kuandaliwa.

Nilikuja kuelewa siku moja tu, nilipomkuta anaosha miguu kando ya jiko. Mguu wa kushoto una vidole vitano. Wa kulia una vitatu. Nilikuwa bado bibi harusi wa juzi, sikuthubutu kuuliza, lakini macho yangu yaliuliza.

"Aksai," akasema. "Tulikuwa tunachunga huko juu, mimi na marehemu baba mkwe wako. Dhoruba ikanikamata kati ya zizi na nyumba. Sikuona hata mkono wangu. Nikaanguka. Mbwa wetu akaja akanilalia miguuni mpaka nilipopatikana. Alikuwa mmoja, miguu yangu miwili. Mmoja ulimshinda." Akaukausha ule mguu mzima taratibu. "Huu ni wa mbwa. Mimi nautembelea tu."

Halafu akanifukuza nikachochee moto.

Sasa hapa kwetu mtoto mchanga akizaliwa huvishwa kishati, nacho huitwa shati la mbwa. Siku ya arobaini yake kinavuliwa, kinafungiwa maandazi na peremende ndani yake, kinafungwa shingoni mwa mbwa, na mbwa anatoka nacho nje ya lango. Watoto wa mtaa wanamkimbiza, wanakifungua, wanagawana vitamu. Maradhi yaliyokuwa yanamvizia mtoto yanakuwa yamekwenda na mbwa. Aktosh alikuwa amebeba mashati ya nusu ya mtaa wetu. Watu walikuja kumuazima. Watoto aliowabebea wote walikuwa hai, tena watundu kupindukia.

Shati la nyumba yake mwenyewe ndilo hakuwahi kulibeba. Mtoto wetu wa kwanza, binti, hakufika arobaini. Kishati chake kiko ndani ya sanduku langu hadi leo, na sitasema zaidi ya hapo.

Ndipo akaja wa pili. Tukamwita Toktosun, maana yake abaki. Alizaliwa siku ileile zinapoanza zile siku arobaini za baridi kali, ambazo wazee wetu wanaziita childe. Kwa hiyo mwanangu na baridi walianza safari pamoja, na wangemaliza pamoja. Na Aktosh kwa wakati huo alikuwa mzee sana. Nyonga zilikuwa zimelegea, meno ya kuhesabika, sikio moja tu ndilo lililokuwa linasikia, tena kwa hiari yake.

Jirani yetu Karypbai alikuja kutupongeza, akanywa chai, akala, na wakati wa kutoka akasimama kumtazama mbwa.

"Dada Beishekan, huyu hafiki. Niruhusu nimpumzishe, risasi moja tu, hatajua. Siku ya shati mchukueni mbwa wangu. Ana mbio huyo!"

"Mbwa wako amebeba shati la nani? Amebeba kuku wangu wawili, hao ndio ninaowajua."

"Ah, dada, mambo ya zamani hayo."

"Kwako ya zamani. Shati la mjukuu wangu atalibeba huyu hapa."

"Na akifa kabla?"

Beishekan alimfungia mlango, akakaa, akanimiminia chai bila kuniangalia, na chai ikamwagika mezani. Hapo nikajua kwamba anaogopa, na hofu yake ikaniingia na mimi. Sikutaka mbwa mwingine. Nilitaka shati litoke langoni na huyu ambaye watoto wake hawafi.

Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, kwa hiyo dunia yangu ilikuwa dirisha. Kila asubuhi nilimtazama kwanza Toktosun kama anapumua. Halafu nilikwangua barafu kwenye kioo, nikatazama kibanda kama ukungu wa pumzi unatoka kwenye lile pazia. Nikiuona, ndipo nilipoweza kula.

Tukiwa katikati ya arobaini, Beishekan akaenda msibani kwa ndugu yake, ng'ambo ya mlima. Theluji ikaifunga barabara, akakwama huko. Taalai, Mungu ampe maisha marefu, ana moyo mkubwa kuliko akili yake. Baridi iliongezeka, akamwonea mbwa huruma. Akayatoa mabua yote, akatandika mle kibandani mfarishi mzito wa manyoya ya kondoo, ule uliotoka kwa mama yangu siku ya harusi. Nikamwona kupitia kioo, nikampenda upya. Nani angefikiri vingine? Sisi ni watu wa manyoya ya kondoo. Tunayalalia, tunayavaa kichwani, babu zetu walijengea mahema yao ya kuishi. Yametutosha sisi, yangemshindaje mbwa?

Siku ya kwanza Aktosh alilala humo. Siku iliyofuata aliingia, akatoka. Taalai akamsukuma ndani kwa upole, akatoka tena. Akaenda kujikunja karibu na lango, kwenye theluji, upepo unampiga. Asubuhi nilipokwangua kioo, kibanda hakikuwa na ukungu, na mbwa pale langoni hakuinua kichwa. Hata kutetemeka alikuwa ameacha.

Nilimpigia Taalai kelele mpaka mtoto akaamka. Na katika kelele hizo kengele za farasi zikasikika, sleji ya kuteleza kwenye theluji ikasimama barabarani, Beishekan akashuka. Hakusalimia mtu. Alimpita mbwa, akaenda kibandani, akavuta mfarishi. Ulitoka mzima mzima, mgumu, akauegemeza ukutani ukasimama wenyewe kama mlango.

"Nani kaweka kitu hiki?"

"Mama, nilidhani..."

"Ulidhani! Wewe unapanda kitandani na theluji mgongoni? Huyu anaingia nayo. Inayeyuka, mfarishi unakunywa, usiku unakuwa jiwe. Umemlaza mbwa juu ya barafu, mwanangu. Mabua hayanywi maji! Shika miguu ya nyuma huku, usisimame kama nguzo."

Wakamburuta juu ya zulia kuukuu mpaka zizini, katikati ya kondoo. Nikamsikia Taalai akiuliza kama tumlete karibu na jiko, na Beishekan akimfokea kwamba aliyeganda hawekwi motoni, atapashwa polepole. Mlango wa zizi ukafungwa. Baadaye Taalai alinisimulia: walimsugua kwa mabua makavu, mgongo, tumbo, miguu, akipumzika mmoja anaendelea mwingine. Wakawasogeza kondoo wambane pande zote. Beishekan akamtia mchuzi wa vuguvugu mdomoni, kijiko baada ya kijiko, na mwingi ulimwagika. Mimi sikuona lolote. Nilikuwa na kioo, na mlango uliofungwa, na mtoto kifuani, na nilimwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja nikaona aibu kwamba moja ni la mbwa.

Jua lilipoanza kuinama, mlango ukafunguka. Beishekan alitoka amejaa mabua kichwani, akasimama katikati ya uwanja, akanipigia kelele kupitia kioo.

"Amekula! Mla bure amekula!"

Nililia sana. Yeye akaenda kunawa, akabadilisha nguo zote, akaswali.

Zizini Aktosh hakukubali kukaa. Alipoweza kusimama tu, alijikokota mwenyewe kurudi kwenye lango lake, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Akakuta kibanda kimejaa mabua mapya. Akazama humo, pazia likatulia, na asubuhi ukungu ukatoka.

Siku ya arobaini ilikuwa na jua. Watoto wa mtaa walijaa uani, Karypbai akasimama uzioni na mikono mfukoni. Nilitoka mpaka kizingitini na Toktosun nimemfunga vizuri, na macho yaliniuma kwa mwanga. Beishekan, na glavu zake, alifunga kishati shingoni mwa Aktosh. Kilikuwa kizito kwa maandazi, kikamwinamisha kichwa.

"Asimkimbize mtu," akasema. "Atakayemkimbiza atanijua."

Watoto wakampisha njia. Aktosh alisimama tu, anatazama. Akapiga hatua chache kuelekea langoni, miguu ya nyuma ikamsaliti, akakaa. Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtoto akikohoa kidogo kifuani mwangu, nikamkumbatia zaidi.

Beishekan akasogea mbele, akainama karibu na lile sikio linalosikia.

"Nenda," akamwambia. Halafu akasema tena, taratibu: "Nenda, Aktosh."

Mbwa akainuka. Akatoka langoni. Watoto wakamfuata nyuma kwa mwendo wake, bila kelele, hadi kwenye mfereji, na huko wakamfungua, wakagawana, kelele zikaanza. Karypbai alivua kofia yake, akaivaa tena, akaenda zake.

Aktosh alirudi peke yake, shingo tupu. Beishekan alimngoja langoni. Akavua glavu. Akamwekea mkono wake mtupu kwenye kifua kile cheupe, akauacha hapo.

"Asante, mzee wangu," akasema. "Asante sana."

Mimi nilikuwa nimekwisha kumwita Taalai alete birika, beseni na sabuni, kama kawaida yetu. Beishekan alikuja mpaka mlangoni, akavipita. Akanyoosha mkono uleule, una nywele nyeupe bado kwenye vidole.

"Nipe mtoto," akasema, akampapasa Toktosun shavuni.