Siku Niliyoitwa Kuhesabu Mikono

Belo la viatu vya mitumba likifunguliwa, mimi huhesabu mara mbili. Kwanza nahesabu jozi, kisha nahesabu miguu ya kushoto peke yake, maana hapo ndipo mtu hupunjwa. Nimeuza viatu sokoni Nakuru miaka mingi na tabia hii imenifuata hadi nyumbani. Mayai nayahesabu dukani, nikifika mlangoni nayahesabu tena, kana kwamba kuna lililoshuka njiani. Majirani wamenizoea, na zaidi ya hapo wananiamini. Mtu akitaka kununua simu, mbuzi au kiwanja, hupitia kwangu kwanza aniulize kama anachezewa. Mara nyingi huwa anachezewa. Jina langu mtaani nimelijenga kwa kusema hivyo.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini mathe aliniuliza mimi.

Mathe, yaani mama kwa lugha ya mtaani, ni jirani yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli. Ana miaka sabini na kitu, magoti mabovu, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Tunakaa nje ya mji, upande wa kuelekea Elementaita, ambako udongo ni majivu matupu na mvua ya wiki moja huipasua ardhi kama mkate. Korongo lililo kati yetu na barabara lilikuwa mtaro tu nilipohamia. Siku hizi mtu mzima akisimama chini yake huoni hata kofia. Kushuka ni hatua ishirini na tatu, kupanda ni ishirini na sita. Nimehesabu mara nyingi na sijajua hizo tatu hutoka wapi.

Ng'ambo ya korongo kuna shule, zahanati, na mahali gari la maziwa husimama saa moja unusu asubuhi. Gari hilo halingoji mtu. Kukiwa kukavu, mathe hushuka na mtungi wake polepole na huwahi. Mvua ikinyesha, korongo huwa utelezi mtupu, na kuzunguka kwa daraja la barabara kuu ni mwendo wa saa nzima kwa mwenye magoti mazima. Maziwa yakikosa gari, tunayanywa sisi majirani, na yanayobaki wanayanywa mbwa.

Mwanawe, ambaye anafanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke, alikuwa amechoka na habari hizo. Alimpa mama yake masika mawili. Yakipita na hakuna daraja, ng'ombe anauzwa na yeye anahamia kwake Naivasha. Mathe hakutaka Naivasha. Alisema nyumba ya mwanawe ina vigae vinavyoteleza kuliko korongo.

Basi siku moja, kabla ya masika ya kwanza kati ya hayo mawili, tangazo likabandikwa kwenye mlingoti wa stima. Wananchi wa sehemu yetu waliitwa kwenye kikao cha maoni, wachague mradi mmoja kati ya miwili: daraja la miguu, au shedi ya kukinga bodaboda na mvua pale njia panda. Mathe akaniita uani.

"Mama Viatu, hiki kikao, niende?"

"Ya nini, mathe? Hiyo imeshaamuliwa ofisini. Tunaitwa tuandike majina, tupewe soda na mkate, halafu ile karatasi ya majina ndiyo inakuwa ushahidi kwamba tulikubali."

"Una uhakika?"

"Nimeenda vikao vinne. Kimoja tulikuwa tunatoa maoni kama tujengewe choo, na mashine ya kuchanganya zege tunaisikia nje ya dirisha."

Hilo lilikuwa kweli. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli kwa vile vikao vinne. Akanishukuru, akarudi kwa ng'ombe wake. Wanawake kumi na mmoja wa kikundi chake cha kanisa walipomuuliza, aliwapa jibu langu kama lilivyo, bila kupunguza. Fundi cherehani wa pale mbele aliniuliza mwenyewe, naye nikamjibu vivyo hivyo.

Mimi nilienda. Ningependa kusema nilienda kwa uzalendo, lakini ilikuwa Jumanne, siku mbovu ya viatu, na soda ni soda.

Kikao kilikuwa darasani, ng'ambo ya korongo. Nilihesabu watu themanini na watatu, nikarudia nikapata themanini na mmoja. Wawili walikuwa wametoka kupokea simu na hawakurudi. Vijana wa bodaboda walikaa pamoja upande wa dirisha, helmeti mapajani, jaketi za kung'aa kifuani, wametulia kama kwaya. Msimamizi aliyetumwa na wadi alikuwa kijana mwenye koti. Viatu vyake nilitambua vimetoka soko letu, namba arobaini na mbili, soli imerudishiwa gundi. Nikajiambia, angalau huyu hali rushwa.

Nilingoja atuambie tumechagua nini. Badala yake akasema, "Mimi sijabeba jibu. Pesa ni ya mradi mmoja. Wenye watu wengi ndio wanachukua. Sasa nataka mtu mmoja wa kuhesabu mikono, mtu nyote mnamwamini."

"Mama Viatu," akasema mtu wa nyuma. "Huyo hata mchele huhesabu."

Watu wakacheka. Nikasimama mbele.

Shedi, mikono arobaini na mmoja. Daraja, thelathini na saba, na wangu thelathini na nane. Wazee wawili hawakuinua mkono. Walikuwa wamekuja kwa sababu niliyokuja nayo mimi. Nilianza tena kutoka nyuma, polepole, nikitafuta mguu wa kushoto usio na mwenzake. Nilitafuta aliyeinua mikono miwili, nikatafuta mtoto wa shule, nikatafuta mgeni aliyeletwa kutoka wadi nyingine. Hakuwepo hata mmoja. Wote walikuwa watu wazima, wote wa hapa, nusu yao wananunua viatu kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kuibiwa na hakuna aliyeniibia.

"Mama, tangaza," msimamizi akasema.

Nikatangaza. Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyosema shedi imeshinda kwa kura tatu.

Nje, nikiwa na soda yangu, nilimfuata mwenyekiti wa bodaboda, kijana mpole ambaye hubishana bei ya raba mpaka unamwonea huruma.

"Mlifanyaje mkaja wote?"

"Sisi tuko na faini. Member akikosa kikao, siku hiyo habebi abiria hapa steji. Nyinyi mko na nini?"

"Sisi hatuna faini."

"Nyinyi mko na wewe," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Asubuhi nilipitia kwa shosho, huyu bibi jirani yako. Nilitaka nimzungushe na barabara nimlete, bila kumlipisha. Akasema Mama Viatu amesema watu wasijisumbue."

"Ungemleta akupigie kura ya kukupinga?"

"Si ni shosho yetu? Na wewe ungenyamaza tu, mngeshinda."

Nilivuka korongo nikihesabu. Kushinda tulihitaji watu wanne. Mathe, wale kumi na mmoja wa kikundi, na fundi cherehani. Niliwazuia kumi na watatu. Nilirudia hesabu nikipanda, ikabaki kumi na watatu.

Mathe alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakatakata majani ya ng'ombe kwa panga.

"Wamechagua nini?"

"Shedi."

"Si ulisema?"

"Sikusema hivyo, mathe. Nilisema wameshachagua. Hawakuwa wamechagua."

Panga likasimama. "Kwa kura ngapi?"

"Tatu."

"Nani alihesabu?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi ni tatu." Akaendelea kukata. Kisha akauliza, "Mimi na wale wa kikundi ni wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Nilitaka kujua kama unajua," akasema, akanionyesha chupa yangu ya maziwa ilipokuwa, imejazwa kama kila siku.

Ningependelea anitukane. Mtu akikutukana mnaweza kupatana.

Masika yakaja. Asubuhi za mvua nilimbebea mtungi mimi, nikafungua kibanda changu cha viatu nikiwa nimechelewa na tope hadi magotini, na wateja wakaniuliza kama na mimi nauza au nalima. Siku nyingine gari tulilipata, siku nyingine tuliliona mgongo. Mwanawe alipiga simu kila Jumapili kuuliza habari za korongo kama anavyouliza mtu habari za mgonjwa.

Wakati huo ile shedi iliyoshinda ilikuwa imefikia nguzo nne na ubao. Ubao ulikamilika kwanza, una jina la mradi na shukrani kwa viongozi. Siku moja ya mvua nilimkuta mwenyekiti wa bodaboda amejibana nyuma ya ubao huo, kwa kuwa pale njia panda hapakuwa na kitu kingine kipana.

"Tulishinda, Mama Viatu," akasema. "Angalia vile tulishinda."

"Umeenda ofisini?"

"Mara tatu. Wanasema paa ni awamu ya pili. Na awamu ya pili lazima ipelekwe kwa kikao, wananchi waseme."

Mwaka uliofuata tangazo likabandikwa tena kwenye mlingoti uleule. Mradi mmoja kati ya miwili: daraja la miguu, au paa la shedi. Nilisoma mara mbili. Hakuna mahali palipouliza kwa nini nguzo zisizo na paa zilihesabiwa kuwa shedi, wala palipotaka maoni yetu juu ya hilo. Tulikuwa huru kabisa kuchagua nani anyeshewe.

Safari hii sikungoja kuulizwa. Nilimchukua mathe, tukaenda njia panda kuongea na mwenyekiti. Kubadilishana maneno juu ya bei ni kazi yangu, na hii nayo ilikuwa bei.

"Mwaka huu mtupigie daraja," nikamwambia. "Mwaka ujao sisi wote tunawapigia paa."

"Mwaka ujao mtakuja?"

"Tutakuja."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe ndiye ulisema watu wasikuje."

Vijana wakacheka. Mathe ndiye aliyeongea. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki iliyoegeshwa, amepumzisha magoti.

"Mimi ninasema. Kikundi changu sasa tuko na faini kama nyinyi. Asiyekuja kwa kikao anapika chai ya kikao kinachofuata, na maziwa anatoa yeye."

Mwenyekiti akamwangalia. "Shosho, wale vijana wananyeshewa. Mmoja alilazwa na kifua. Nitawaambia nini?"

"Waambie mimi pia nanyeshewa. Waambie mwaka ujao nitakuwa hapa, kama sijapelekwa Naivasha."

Mwenyekiti aliomba waende wakaongee kando. Walikaa muda mrefu, tukaona mikono ikiinuka. Hata hilo walilipigia kura. Wakakubali, ingawa si wote.

Kikaoni niliitwa kuhesabu tena. Daraja sabini na nane, paa sita. Mmoja wa hao sita alikuwa yule aliyelazwa na kifua, na sikumlaumu. Nilirudia, ikabaki sabini na nane. Mathe aliinua mkono wake mapema, hakuushusha mpaka nikamgusa bega.

Hiyo ilikuwa kabla ya masika ya pili. Katikati ya masika wakaja watu wawili na kamba ya kupimia, wakapigilia kigingi kimoja upande huu wa korongo na kingine ng'ambo, vyenye rangi nyekundu kichwani. Wakapiga picha, wakaondoka. Mvua ikaisha. Hakuna mwingine aliyekuja.

Mwezi wa sita mwanawe akafika na pikapu na kamba. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Mathe hakubishana naye. Alimshika mkono, akamteremsha hadi ukingoni, nami nyuma yao, akamwonyesha.

"Daraja ndilo hilo limeanza."

"Mama, hivi ni vijiti."

"Ni vijiti vya serikali. Vimepimwa."

Mwanawe alikitikisa kile cha huku kwa kiatu. Kisha akanigeukia mimi, ambaye mtaa mzima humuuliza.

"Mama Viatu, tuambie ukweli. Hawa wanatuchezea?"

Jibu la zamani nilikuwa nalo tayari mdomoni, na huenda lilikuwa sahihi. Mathe hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ng'ambo.

"Sijui," nikasema. "Lakini kuna kikao cha paa mwaka ujao, na tumewaahidi wale vijana. Mama yako ndiye dhamana."

Akasonya, akacheka kidogo, akakuna kichwa. Pikapu ikarudi Naivasha na mtungi mmoja wa maziwa, bila ng'ombe, na mathe akaongezewa masika mengine.

Bado navuka pale kila asubuhi nikienda sokoni. Kigingi cha huku kipo, cha ng'ambo kipo. Jioni nikirudi navihesabu tena.