Kidole Kilichoachia Mafuta

Ipo Jumamosi moja ya mwaka wa elfu mbili na saba, mwanangu, ambayo hadi leo nikiifikiria naona haya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesimama katika gereji ya Mzee Balwant, upande wa viwandani mjini Nakuru, mbele ya pikipiki mbili za magurudumu manne, zile tulizoziita kwodi, na nilitakiwa kuchagua moja.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Baba yangu alikuwa na trekta huko Mau Narok, na tangu nikiwa na miaka kumi na saba nililima nalo mashamba ya watu, ya ngano na ya viazi. Wanaume walikuwa wakisimama kando ya shamba kuona kama msichana atanyoosha mstari. Nilinyoosha. Lakini mtu akiangaliwa miaka mingi namna ile, huanza kuishi kwa ajili ya macho ya wanaomwangalia. Huo ndio ugonjwa niliokuwa nao, na sikujua kwamba ni ugonjwa.

Wikendi kulikuwa na kundi la vijana waliopanda kwodi kwenye vilima vya upande wa Subukia, katika shamba la mtu aliyeturuhusu. Nilienda kutazama mara moja, nikapenda kabisa. Nikaweka akiba misimu miwili ya kulima, nikaenda kwa Mzee Balwant, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye alikuwa amemtengenezea baba yangu trekta tangu sijazaliwa. Yeye ndiye alikuwa na zile mbili za kuuza.

Zote zilikuwa za mchezo, si za kubebea mizigo. Nyekundu ilikuwa na injini kubwa, na ukiiwasha vioo vya gereji vilitetemeka. Ya buluu injini yake ilikuwa kama nusu ya ile, sauti yake ya wastani, shoki zake za kumeza matuta laini. Mzee hakunieleza habari za injini. Aliniambia, "Panda hii nyekundu. Simama kwenye vikanyagio. Sasa kata usukani kushoto, mpaka mwisho."

Nikakata. Kwenye kwodi, mafuta huyakanyagi wala huyazungushi. Unayasukuma kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilipofika mwisho wa kona, mkono wangu wa kulia ulinyooka wote, na kidole kikaachia mafuta.

"Shuka. Panda ya buluu, fanya vile vile."

Nikafanya. Kiwiko kilibaki kimekunjika, na kidole kilibaki mahali pake.

"Umeona?" akasema Mzee. "Ukiendesha na mkono umenyooka, kila jiwe litakuamulia mafuta. Saa ingine litakunyima, saa ingine litakupa mengi. Na kitu kingine, Ruth. Hizi zote mbili ni za mtu mmoja. Unaona kiti ni kirefu? Si cha kubeba rafiki. Ni kirefu ili wewe mwenyewe uhame, mbele ukipanda, nyuma ukishuka."

Nilikuwa karibu kusema nipewe ya buluu. Lakini kijana mmoja wa lile kundi alikuwa ameegemea mlango akingoja yake itengenezwe, akacheka, akasema, "Mathe, hiyo ya buluu ni ya kuzungusha watoto kwa bustani."

Mathe! Na mimi sijazaa hata mtoto. Nikamwambia Mzee nachukua nyekundu. Alinitazama kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda kuleta funguo. Mchagua jembe si mkulima, husema watu, lakini mpini mrefu kuliko mkono wako utakuchubua tu, hata uwe hodari namna gani.

Nilikuwa na mdogo wangu, Ezekieli, ambaye nyumbani tulimwita Zeki. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na moyo wake wote ulikuwa kwenye jeshi. Kila alfajiri, umande wa Mau Narok ukiwa bado baridi kama chuma, alikimbia hadi barabara kuu na kurudi. Watu wa kuandika makurutu walikuwa waje Nakuru baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ameshamfulia kaptura ya kukimbilia na kuikunja.

Jumamosi nyingine, mwisho wa Oktoba, alinifuata Subukia kunitazama. Nilikuwa nimeiendesha nyekundu wiki kadhaa bila kuanguka, na kutoanguka kulinidanganya nikadhani ni ujuzi. Wenzangu walikuwa wameshapanda mlima, wananingoja kileleni.

"Siz, nipeleke juu," Zeki akasema. "Mara moja tu. Nishaazima helmeti."

Nilikumbuka maneno ya Mzee. Sitakudanganya, mwanangu, niliyakumbuka neno kwa neno. Kisha nikatazama juu, nikawaona wale wamesimama kwa mstari, nikasema, "Panda, nishike kiuno."

Tulipita nusu ya mlima vizuri. Hapo njia inakata kushoto kwenye mawe. Nikakata, mkono ukanyooka, gurudumu likagonga jiwe, na kidole kilichokuwa kimeachia kikarudi kwa kishindo na kusukuma mafuta yote. Magurudumu ya mbele yakainuka. Nilijaribu kuhamia mbele, lakini Zeki alikuwa amenivuta nyuma kwa uzito wake wote, mikono imenikaza kiunoni. Nikaona anga. Mimi nikatupwa majanini. Mashine ikapinduka kinyumenyume ikamwangukia mguuni.

Nilimkimbilia. Alikuwa amelala ubavu, midomo imekuwa ya kijivu, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Siz, usiangalie."

Alikuwa ananihurumia mimi.

Vijana waliteremka mbio, hata yule wa mzaha wa bustani, ambaye alivua jaketi lake akalifunga kwenye mguu wa Zeki na fito mbili. Tukamteremsha kwa pikapu hadi hospitali mjini. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili. Wakamfunga plasta kutoka kwenye unyayo hadi juu ya goti.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakunitahadharisha kwamba guu lenyewe laweza kuwa la mtu mwingine.

Mzee Balwant alikuja wodini siku ya tatu na machungwa kwenye mfuko. Alizungumza na Zeki, akamchekesha, kisha akaniita nje kwenye baraza. Nilijua nitakemewa, na kusema kweli nilikuwa nakutamani kukemewa huko, maana nyumbani hakuna aliyeniambia neno.

"Siku ile kwa gereji," akasema, "kidole chako kiliachia mafuta. Uliona?"

"Niliona, Mzee."

"Na mimi niliona. Nikakwambia mara moja, halafu nikanyamaza, kwa sababu mteja ameshafurahi. Nilifaa kukataa na funguo. Hiyo ni yangu, nitaibeba." Akanitazama machoni. "Lakini kumpakia ndugu yako ni yako wewe. Usiilaumu mashine, usimlaumu yule kijana wa mlangoni. Ibebe. Ukiibeba vizuri haitakuvunja mgongo."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Niliketi kwenye lile baraza nikalia mpaka muuguzi akaniomba nipishe njia.

Siku ya kuandikwa makurutu, Zeki alikuwa kitandani kwetu nyumbani. Vijana aliokuwa akikimbia nao walipita njiani alfajiri wakimwita jina kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Aligeuza uso ukutani. Nilimpelekea chai, ikapoa.

Plasta ilikuwa itolewe Januari. Lakini unajua Januari ya mwaka wa elfu mbili na nane ilivyokuwa huku kwetu baada ya uchaguzi. Watu walikuwa wakikimbia na magodoro kichwani, barabara zimezibwa kwa mawe, na hakuna aliyethubutu kumteremsha mgonjwa hadi mjini. Plasta ikakaa wiki zaidi kuliko ilivyopaswa. Ilipotolewa, goti lilikuwa gumu kama nguzo. Mama alilikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na Zeki akiuma kona ya blanketi. Lilikubali kukunjika, lakini si lote. Hata leo ukitembea naye utasikia hatua moja ni nzito kuliko nyingine.

Mzee alipofungua gereji tena, alimwita Zeki aje akae kwenye benchi asafishe kabureta, kwa sababu, alisema, kabureta haihitaji goti. Zeki alienda kwa kukosa la kufanya, akabaki kwa kupenda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sasa ni fundi, na watu humtafuta kutoka mbali. Lakini nisikupambie hadithi: siku za sikukuu, wanajeshi wakiandamana kwenye televisheni, yeye hutoka nje akaangalia ng'ombe.

Mimi niliapa kutopanda tena. Nyekundu niliirudisha kwa Mzee, na nikapita miezi nikienda mjini kwa njia ya kuzunguka ili nisiione ile gereji. Siku moja Zeki akanikuta nyumbani, akaniambia nimfuate hadi gereji. Mle ndani, ile ya buluu ilikuwa bado haijanunuliwa. Alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe, injini yote.

"Kata kushoto mpaka mwisho," akasema.

Nikakata. Akainama kwa shida na ule mguu wake, akakitazama kidole changu kwa makini kama daktari.

"Iko sawa. Chukua."

"Zeki, siwezi."

"Siz, ukiacha kupanda kwa sababu yangu, utanifanya niwe mtu wa kuogopwa. Mimi nilipanda mwenyewe. Nilitaka kuonekana pia."

Niliipanda ile ya buluu miaka sita, peke yangu juu yake, na sijapata kuwa wa kwanza kileleni.

Sasa nikuambie, mwanangu, wewe uliye mbele ya viwili na hujui uchukue kipi. Iwe mashine, kazi, au mtu wa kuishi naye, usiulize kwanza kipi kina nguvu. Kijaribu kwenye kona, mahali kinapokaza, uone kama mkono wako bado unafika. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ukiambiwa na anayejua, na mwili wako mwenyewe ukakubaliana naye, usingoje kicheko cha mtu wa mlangoni kikuamulie. Na usimpakie mtu mwingine juu ya fahari yako. Ukishakosea, sema ni lako, kisha endelea kuishi, maana uliowaumiza hawafaidiki na wewe kujizika.

Mungu akupe mkono unaofika na sikio lililo wazi. Akuzungushie watu wa kukuambia ukweli zaidi ya mara moja. Na utokapo asubuhi na unaowapenda, awarudishe nyote jioni mkiwa wazima.