Musumeno ulizunguka kinyume mbele ya baba-mukwe

Ndugu zangu, leo sijui nifiche uso wapi.

Papa wa muchumba wangu ametoka Kibabi na lori mpaka hapa Mubi, aone kama kijana anayetaka kumuoa binti yake iko na kazi kweli.

Nikavaa kapitula mupya. Nikamupeleka ku atelie yetu ya kupasua mbao, mbele ya musumeno wa umeme.

Mujue, motere yake inataka umeme wa fazi tatu, na grupu yetu, ile jenereta ya mafuta, inatoa fazi moja tu. Haianzi peke yake. Unaizungushia kamba, unavuta kwa nguvu, njo inashika mwendo.

Mimi, kwa haraka ya kujionyesha, nikazungusha kamba kinyume.

Ikaanza. Nikasukuma ubao, kifua mbele.

Haukukatika. Ukatoa moshi.

Meno yalikuwa yanarudi nyuma. Nililijua hilo, lakini nikaendelea kusukuma, maana niliona haya kusimamisha.

Papa akakohoa, akauliza pole pole: "Mutoto wangu, hii mashini inakata mbao ao inazipika?"

Wenzangu wa kazi wakaangalia chini. Nikazima mashini.

Akaomba ule ubao ulioungua. "Nitaupeleka kwetu, bashangazi wauone."

Akaufunga mu kitambaa, akapanda lori.

Lori ilipopotea, nikazungusha kamba upande wake. Ubao wa pili ukakatika kama muhogo, na Papa hakuwepo kuona.

Niko nao mukononi mpaka sasa. Mungekuwa miye, mungeupeleka Kibabi?